'Imefungwa' na nani? Sarufi ya tapeli wa simu

Dada yangu mkubwa alifunza katika shule za msingi kwa miaka 34. Baadhi ya wanafunzi wake sasa wana wajukuu, na wakimwona sokoni bado huficha sigara. Mwaka jana, mwezi wa Machi, alipigiwa simu na mwanamume aliyejitambulisha kuwa afisa wa pensheni jijini Nairobi. Alimwita 'Mwalimu'. Akayataja majina yake yote matatu, kisha akamsomea nambari ya kitambulisho chake, tarakimu baada ya tarakimu, bila kukosea. Kufikia jioni dada yangu alikuwa ametuma Sh38,500 kwa awamu tatu: ada ya kufungua faili, ada ya wakili, na kitu kilichoitwa 'ushuru wa malimbikizo'.

Kwa mazoea ya ualimu, aliyaandika maneno ya mtu huyo kwenye daftari alipokuwa akiyasikia. Daftari hilo ninalo mezani. Sentensi za kwanza ni hizi: 'Mwalimu, faili yako imepitishwa. Malimbikizo yameidhinishwa. Ila akaunti imezuiliwa, na inatakiwa ifunguliwe kabla ya saa kumi leo.'

Mpenzi msomaji, hebu zisome tena kwa jicho la sarufi. Kuna vitenzi vitano: imepitishwa, yameidhinishwa, imezuiliwa, inatakiwa, ifunguliwe. Vyote viko katika kauli ya kutendwa, na hakuna hata mtenda mmoja. Nani amepitisha? Nani amezuia? Anayetaka ifunguliwe ni nani? Kiswahili kina nafasi maalum ya kumtaja huyo mtu, nayo ni kiunganishi 'na' kinachofuata kitenzi: imezuiliwa na fulani. Tapeli ameiacha nafasi hiyo wazi, na sisi wenyewe tunaijaza kwa neno moja kubwa: Serikali.

Nimefundisha kauli za vitenzi kwa zaidi ya miaka 30 na sikuwahi kuwaza kwamba kiambishi kidogo cha -w- kinaweza kumtoa mtu akiba yake. Lakini ndivyo ilivyo. Mwanafalsafa J.L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alieleza kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ndiko kutenda. Hakimu akisema 'nakuhukumu', amehukumu. Ila Austin aliweka sharti: lazima msemaji awe na mamlaka ya kusema hivyo. Mimi nikikuhukumu njiani, nimepiga kelele tu. Basi kazi yote ya tapeli anayejifanya serikali ni kukufanya usifike kwenye sharti hilo. Kauli ya kutendwa humsaidia sana, kwa sababu inalileta tendo likiwa limekwisha kutendwa, mahali fulani juu, na watu usioweza kuwafikia. Yeye anakuletea habari tu. Tena anakuonea huruma.

Kwa nini tunatii? Dada yangu aliniambia jambo ambalo bado linanisumbua. Alisema kwamba aliposikia neno 'ofisi' alisimama. Alikuwa peke yake sebuleni, ana miaka 74, na alisimama wima mpaka simu ilipokatika. Nilimkumbuka baba yetu, aliyekuwa miongoni mwa Waafrika waliolazimishwa na serikali ya kikoloni kutembea na kipande, kile cheti cha usajili kilichotiwa ndani ya mkebe na kuning'inizwa shingoni. Baba alipoitwa na mtu wa 'sirkali', kama wazee walivyoitamka, hakuuliza nani kaagiza. Alivaa koti akaenda. Lugha ya amri isiyo na mwenyewe tumeirithi pamoja na ofisi zenyewe.

Isitoshe, uongo huo ulisimama juu ya ukweli. Walimu waliostaafu baada ya makubaliano ya mishahara ya mwaka 1997 waliishia mahakamani wakidai malimbikizo yao ya pensheni, na kesi hiyo ilidumu miaka na mikaka. Dada yangu anawajua wenzake waliozikwa wakingoja. Mtu aliyezoea kusikia 'faili inashughulikiwa' hashangai akiambiwa kwamba hatimaye imepitishwa.

Na nambari ya kitambulisho ilitoka wapi? Hilo ndilo lililomshawishi kuliko yote. Jibu ni jepesi na la aibu. Sisi Wakenya huandika majina yetu, nambari za simu na za vitambulisho katika kila kitabu cha wageni kilichowekwa mlangoni pa jengo, na mlinzi hukiacha wazi juu ya meza. Tumekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na vitabu hivyo bado vipo. Anayekutajia kitambulisho chako amethibitisha tu kwamba aliwahi kukiona mahali. Hajathibitisha yeye ni nani.

Kabla sijaonekana kumcheka dada yangu, nikiri yangu. Juma la mwisho la Juni, siku ambazo Wakenya hukimbizana kuwasilisha ripoti za ushuru kabla ya tarehe 30, nami nilipigiwa. 'Prof, PIN yako ya KRA imesimamishwa. Faini imefika elfu kumi na nane. Uko na kitambulisho hapo karibu?' Nami, mwenye shahada ya uzamifu, nikaenda kukitafuta kitambulisho! Nilikuwa nimeshasoma tarakimu nne aliposema, 'Na usikate simu, Prof, ukikata mtandao utafunga.' Hapo ndipo nilipozinduka. Katika maisha yangu yote sijapata kumwona mtumishi wa umma anayeogopa nisije nikaondoka. Afisa wa kweli, ukimkatia simu, humshukuru Mungu na kwenda kunywa chai. Faini yenyewe nayo haikuwa na hesabu. Kwa mtu binafsi, kuchelewa kuwasilisha ripoti hutozwa Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kutegemea ni kipi kikubwa, na ushuru wangu hukatwa kwenye mshahara kabla sijauona.

Tangu siku hiyo nimekuwa mkusanyaji wa arafa na simu za matapeli, kama wengine wanavyokusanya stempu. Kauli ya kutendwa si silaha yao ya pekee. Iko ile arafa ya zamani ambayo kila Mkenya ameipokea: 'Ile pesa tuma kwa hii namba.' Tazama hilo neno 'ile'. Kiashiria hiki hudai kwamba mimi na wewe tunaijua pesa hiyo, tumekwisha kuizungumzia. Aliye na deni la karo au la kodi ya nyumba siku hiyo atajaza maana mwenyewe. Jingine ni kubadili lugha. Mtu huanza kwa Kiingereza cha ofisini ili utishike, akahamia Kiswahili ili mwelewane, na ukianza kusitasita hutumbukiza maneno mawili matatu ya lugha ya mama. Dada yangu alisalimiwa kwa lugha ya kwetu pale hasa alipouliza kama angeweza kuja ofisini mwenyewe. Hakuuliza tena.

Dawa yangu, basi, ni ya kisarufi. Ukiambiwa chochote kimefungwa, kimesimamishwa, kimezuiliwa au kinatakiwa, jaza ile nafasi kwa sauti: na nani? Jina lake? Ofisi gani, orofa ya ngapi? Wengi hupandisha sauti papo hapo. Kweli, tapeli aliyekubuhu atakuwa na jibu, atakutajia hata mkurugenzi. Kwa hiyo swali halitoshi. Linakupa tu nafasi ya kuvuta pumzi, na baada yake kata simu, uitafute nambari ya ofisi hiyo mwenyewe, upige wewe. Usipige ile aliyokupa. Usiiamini hata nambari iliyotokea kwenye kioo cha simu, kwa maana yawezekana kuigiza nambari isiyo yako. Safaricom kwa upande wake imekuwa ikiwaambia wateja kwamba huwapigia kwa 0722 000 000 pekee, na hata hapo hakuna mhudumu anayestahili kuuliza nambari yako ya siri.

Pesa nazo zina sarufi yake. Malipo ya huduma za eCitizen huenda kwa nambari ya malipo 222222. Ushuru hulipwa kwa nambari maalum ya usajili wa malipo unayoipata kwenye iTax. Hakuna ada ya serikali inayotumwa kwa simu ya mtu. Unapotaka kutuma kwa M-Pesa, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha, na jina la dada yangu la kwanza lilikuwa la mwanamke ambaye hakuhusika kamwe na mazungumzo. Aliliona. Akaelezwa kwamba ni 'mhasibu wetu'. Kwa nini mhasibu wa serikali apokee ada kwa laini yake, hilo hakuuliza, kwa kuwa saa kumi ilikuwa inakaribia.

Nitasema pia lililo gumu kwa wakubwa. Arafa za kweli kutoka ofisi za umma mara nyingi zimeandikwa kwa lugha ile ile ya tapeli: ndefu kwa vitisho, fupi kwa maelezo, muda mchache, kiungo cha kubofya, na mtenda hayupo. Kama arafa halali ingesema, 'Mimi fulani, wa idara fulani, nimesimamisha huduma hii kwa sababu hii, njoo mlango namba fulani,' raia angejifunza sauti ya serikali ilivyo, na sauti ya bandia ingemshtua. Kwa sasa tunamlaumu raia kwa kushindwa kutofautisha mapacha.

Dada yangu alinyamaza miezi saba. Hakumwambia mtu, hata wanawe. Aliniambia mimi Oktoba, baada ya mazishi ya jirani, tukiwa tumekaa chini ya mwembe. 'Ndugu yangu, nilidanganyika.'

Neno hilo lilinikaa kooni. Kila mzazi anaijua kauli ya kutendeka. Mtoto akivunja kikombe hasemi 'nimekivunja', wala 'kimevunjwa'. Husema 'kimevunjika', kana kwamba kikombe kilijiamulia. Kauli hii humfuta mtenda kabisa, hata ile nafasi ya 'na' inatoweka: huwezi kusema 'kimevunjika na Juma'. Nayo hubeba maana nyingine, ile ya uwezekano: kinachovunjika ni kile chepesi kuvunjwa. Aliyedanganyika, basi, ni mwepesi wa kudanganywa. Dada yangu alikuwa amejihukumu kwa silabi mbili, na yule mwanamume hakuwamo hata katika sentensi.

Nikamwambia, 'Dada, sema ulidanganywa.' Akacheka, akaniuliza kama nimekuja kumsahihishia kazi. Lakini nilimaanisha. Sheria yetu ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018 inamtafuta mtenda: aliyejifanya mtu mwingine, aliyemhadaa mtu atoe siri zake. Haina kifungu dhidi ya aliyedanganyika. Nikamweleza pia kwamba angetuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja, pengine awamu ya tatu ingezuiwa kabla haijatolewa. Baada ya miezi saba haikuwezekana. Hata hivyo nambari tatu za wapokeaji zilikuwa bado ndani ya daftari. Tulizituma kwa 333, ambako Safaricom hupokea taarifa za ulaghai. Tulibonyeza *100*100# ili laini yake isiweze kubadilishwa na mtu asiyefika dukani kwao. Kisha tukaenda kituo cha polisi.

Kijana wa zamu alimpa kiti, akafungua kitabu cha matukio. 'Haya, Mama, ulidanganyika vipi?'

Dada yangu aliweka daftari juu ya kaunta. 'Sikudanganyika,' alisema. 'Nilidanganywa. Na mwanamume, sauti ya kijana, anakohoa kidogo. Andika. Nambari ya kwanza ni hii hapa.'