Jibu Analijua, Sentensi Haitoki

Mwalimu wa baiolojia anauliza mimea hujitengenezeaje chakula. Msichana wa kidato cha kwanza anasimama, anatamka maneno mawili ya Kiingereza, anakwama. Nyuma wanacheka. Anaambiwa akae. Mwaka jana tu, akiwa darasa la saba, angekueleza usanisinuru mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili, lugha ya kufundishia katika shule nyingi za msingi za serikali Tanzania. Sekondari mambo yamegeuka: masomo ni kwa Kiingereza.

Macho ya darasa zima yakimwelekea, ubongo wake unaona hatari. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini: moyo unadunda, viganja vinalowa, mdomo unakauka. Hayo yanaonekana. Kinachomkwamisha hasa hakionekani. Kumbukumbu tendaji, ambayo hushikilia mambo tunapoyafanyia kazi, ni finyu kwa kila mtu. Anayeongea lugha aliyokulia hahangaiki na sarufi, inakuja yenyewe. Huyu inabidi ashike hoja, asake msamiati, apange nyakati za vitenzi na achunge matamshi, vyote kwa mpigo. Hofu nayo inajibana humo humo: nikikosea je? Watanicheka? Nafasi inajaa, sentensi inakatika.

Mwaka 1986 mtafiti Elaine Horwitz na wenzake, huko Marekani, walichapisha dodoso la kauli 33 la kupima hofu hii. Kwa maoni yao ni hofu ya aina yake, inayozuka katika darasa la lugha ya kigeni; kwa hiyo hata msemaji hodari wa kijiweni anaweza kugeuka bubu humo. Je, hofu ndiyo huleta alama mbovu, au alama mbovu ndizo huleta hofu? Wataalamu wamebishana sana. Nadhani vinalishana.

Ndiyo maana sielewi shule zinazomvisha mtoto kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili. Zinadhani aibu itamfungua mdomo?

Kinachomfungua ni muda. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu wa Marekani husubiri jibu: kama sekunde moja. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wakimya wakaanza kuchangia. Na hao wengi wao walijibu kwa lugha ya kwao! Wa kwetu anahitaji zaidi, pengine dakika mbili za kunong'ona na jirani wa dawati, kwa Kiswahili wakitaka, kabla ya kusimama. Matamshi yasahihishwe akishamaliza.