Leseni za Windows kwa bei nafuu: Sheria ya Ulaya yasemaje?

Namba za kufungulia mfumo endeshi wa Windows huuzwa mtandaoni kwa bei iliyo chini mno ya ile ya Microsoft, kampuni inayoutengeneza. Je, kuzinunua ni halali? Katika Umoja wa Ulaya, jibu halitegemei bei, bali asili ya leseni yenyewe.

Tarehe 3 Julai 2012, Mahakama ya Haki ya Ulaya mjini Luxembourg ilitoa uamuzi katika kesi kati ya kampuni za UsedSoft na Oracle. Ilisema kwamba mwenye programu akishauza nakala pamoja na haki ya kuitumia bila kikomo cha muda, hawezi tena kuzuia isiuzwe kwa mwingine. Sharti ni kwamba mnunuzi wa kwanza asibaki na nakala anayoweza kuitumia.

Mwaka 2016, katika kesi iliyotoka Latvia kuhusu programu za Microsoft, mahakama hiyo iliamua kuwa nakala ya akiba haiwezi kuuzwa bila idhini ya mwenye programu, hata kama diski ya awali imeharibika.

Kwa hiyo, namba tupu si ushahidi wa haki. Mnunuzi adai uthibitisho wa wapi leseni iliuzwa mara ya kwanza, na kwamba mmiliki wa awali ameacha kuitumia. Leseni ya mtu mmoja ikiuzwa kwa wengi, namba yake yaweza kuzuiwa, na mwenye duka au ofisi aliyeinunua akadaiwa fidia, ingawa risiti anayo mkononi.