Sifuri Iliyo Kati ya Embu na Meru

Je, wajua kwamba abiria anayetoka Embu kwenda Meru husafiri ndani ya nambari hasi karibu njia nzima, kisha huvuka sifuri na kuingia kwenye nambari chanya? Sifuri hiyo ni Ikweta, inayoikata barabara kusini kidogo ya mji wa Meru. Ramani za simu huandika latitudo za kaskazini ya Ikweta kuwa chanya na za kusini kuwa hasi. Mji wa Meru uko takriban dakika 3 kaskazini, yaani 3. Embu uko dakika 32 kusini, yaani −32. (Dakika hizi si za saa: digrii moja ya latitudo ina dakika 60, na kila dakika ni kama kilomita 1.85 ardhini.)

Je, miji hii imeachana kiasi gani, kusini hadi kaskazini? Mwanafunzi mwenye haraka atatoa 3 kwenye 32 apate 29. Angepatia iwapo miji yote miwili ingekuwa upande mmoja wa Ikweta. Kutoa ni kuuliza: nikianzia nambari ya pili, nisogee kiasi gani, na upande upi, hadi niifikie ya kwanza? Kutoka −32 unapanda 32 hadi sifuri, kisha 3 zaidi. Ndiyo maana 3 − (−32) = 3 + 32 = 35. Kanuni hii wengi tuliikariri tu, na ni hasara, kwa kuwa sababu yake inaonekana njiani. Dakika 35 ni karibu kilomita 65. Barabara yenyewe ni ndefu zaidi, maana inauzunguka Mlima Kenya upande wa mashariki, ikipinda na kushuka mabonde.

Ukirudi Embu, −32 − 3 = −35. Umbali ni uleule. Alama ya hasi inakuambia unaelekea kusini. Uzuri wa nambari hizi uko hapo: jibu moja hubeba umbali na mwelekeo.

Mwaka 628, mwanahisabati Brahmagupta wa India aliandika kanuni za nambari hizi akiita chanya mali na hasi deni: toa deni kwenye sifuri, upate mali.

Mji wa Chuka, ulio kwenye barabara hiyohiyo, uko −20. Ukitoka Embu, −20 − (−32) = 12: umepanda kaskazini kilomita 22 hivi, na bado uko upande wa hasi.