Kikombe cha Kahawa Kina Chakula Kiasi Gani?

Mwezi huu tunaongelea kahawa.

Wengi wetu tumetoka sehemu za kahawa: Kivu, Ngozi, Kayanza. Tumeichuma, tumeianika, tukaipeleka kuuza. Hapa kambini tunainywa. Inaleta majirani pamoja, inapoza mawazo, na mgeni akifika hakosi cha kumpa. Hatuna ubaya na kahawa.

Lakini kuna jambo moja. Siku za mwisho za mgao, unga ukiwa umebaki kidogo, mtoto anapewa kikombe cha kahawa yenye sukari, anaenda shule. Tunasema, "Angalau ameweka kitu tumboni." Hata sisi tunaoandika hapa tumefanya hivyo. Sasa tukae tupige hesabu: ameweka nini?

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Mgao wa chakula kambini hupangwa kwa kipimo cha kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku, na tunajua sote kwamba mara nyingi hatuvifikii vyote. Kikombe cha kahawa tupu, bila sukari wala maziwa, kina kalori kama 2 tu. Ni sawa na hakuna. Ukitia sukari vijiko viwili vidogo unaongeza kama 32, kwa sababu kijiko kimoja kina kama 16. Kwa hiyo mtoto ameondoka na kalori kama 34, na karibu zote zimetoka kwenye sukari. Hamna cha kujenga mwili humo.

Linganisheni na bakuli la uji. Chukua gramu 50 za ule unga wa mahindi na soya, kama konzi moja kubwa: kalori kama 190. Tia kijiko kidogo cha mafuta: 45. Tia kijiko kimoja cha sukari: 16. Jumla kama 250. Bakuli moja linashinda vikombe saba vya kahawa yenye sukari, na ndani yake kuna protini na vitamini.

Mtauliza: mbona nikinywa kahawa njaa inatulia na napata nguvu? Maji ya moto yanajaza tumbo kwa muda. Halafu kahawa ina kafeini, ambayo inauzuia ubongo usisikie uchovu. Uchovu haujaondoka, umefichwa tu. Mtu mzima anaweza kuvumilia. Mtoto anakaa darasani tumbo tupu, saa nne haoni ubao, na usiku hapati usingizi.

Kuna tatizo lingine. Kahawa, na chai pia, ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye maharage na sombe. Ndiyo madini yanayotengeneza damu. Mnajua ni akina mama wangapi wanaambiwa kliniki kwamba damu ni kidogo. Basi kula kwanza, halafu subiri kama saa moja ndipo unywe kahawa yako. Hiyo haigharimu kitu.

Kwa hiyo tunashauriana hivi:

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye ziwa la mama tu. Hata maji asipewe.

Watoto wadogo wasipewe kahawa. Kama unga ni kidogo, uji wao utangulie, kahawa ya wakubwa ifuate.

Mama mjamzito asizidishe vikombe viwili kwa siku.

Msiuze unga wa uji ili mpate sukari. Kilo ya unga wa mahindi ina kalori kama 3,500. Kilo ya sukari ina kama 4,000, lakini ni utamu mtupu, na sokoni unga wa kilo moja haukupi sukari ya kilo moja. Mnapoteza mara mbili.

Kijiko cha sukari mlichozoea kutia kwenye kahawa ya mtoto, kitieni kwenye uji wake.

Na akina baba, hili nalo ni lenu. Pesa ya vikombe vitatu kwenye benchi kila siku, jumlisheni kwa wiki muone inanunua mafuta kiasi gani. Hatusemi muache kukaa na wenzenu. Kikombe kimoja kinatosha kwa maongezi.

Tunajua mgao ukipungua hakuna hesabu inayoujaza. Mtoto akikonda, akivimba miguu au akikosa hamu ya kula, msingoje: mpelekeni kituo cha afya apimwe mkono. Ila kwa kile kidogo kilichopo, tusidanganywe na joto la kikombe. Kahawa ni ya kuongea na jirani. Chakula cha mtoto ni uji.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.