Mahali Ambapo Kipaza Sauti Haalikwi

Paukwa! Pakawa!

Leo msimulizi si mimi mjomba wenu. Leo msimulizi ni kipaza sauti. Kaeni vizuri, maana ana maneno mengi.

"Mimi ni kipaza sauti," anasema. "Harusini nipo. Msikitini nipo. Taarabu ya siku hizi bila mimi hainogi. Lakini kuna mahali sialikwi. Kwenye opera sialikwi."

Mjomba, opera ni nini?

Umeuliza vizuri, mwanangu. Opera ni mchezo wa jukwaani ambao watu wanaimba badala ya kusema. Wakigombana, wanaimba. Wakiposana, wanaimba. Hata anayekufa huimba kwanza, tena kwa kirefu, ndipo akate roho. Mbele ya jukwaa wamejaa wapiga fidla, tarumbeta na ngoma. Na sauti ya mwimbaji lazima iwapite wote.

Inawapitaje bila kipaza sauti?

Umeuliza vizuri! Nenda kwenye mtungi mtupu, inama, sema "huuu". Unasikia sauti inavyotoka nene? Mwimbaji wa opera hujifunza miaka mingi kuufanya mwili wake mtungi huo: koo na kinywa.

Haya, tumwachie mwenyewe aendelee.

"Nilimjua Marian Anderson. Alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1897. Baba yake aliuza barafu na makaa ya mawe. Marian aliimba kanisani tangu mdogo, na sauti yake ilishuka chini kabisa, nzito, tamu. Alipotaka kusoma muziki, shule ikamkatalia mlangoni. Kwa nini? Kwa sababu ni Mweusi. Watu wa kanisa lake wakachanga pesa, akapata mwalimu.

"Ulaya wakamshangilia. Kwao je? Mwaka 1939 akanyimwa ukumbi wa Constitution Hall, Washington. Wenyewe walikuwa chama cha wanawake, na jukwaa lao lilikuwa la wasanii Wazungu tu. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alikuwa mwanachama. Akajitoa.

"Basi tarehe 9 Aprili, Jumapili ya Pasaka, Marian akaimba nje, kwenye ngazi za Lincoln Memorial. Siku hiyo nilipata kazi! Tulipangwa mstari mbele yake, mimi na wenzangu. Baridi ilikuwa kali, naye amevaa koti la manyoya. Watu kama 75,000 walisimama mbele yake, na wengine wengi wakasikiliza redioni. Akaimba hata wimbo wa opera, wa mtunzi Donizetti. Sauti ile haikunihitaji mimi. Ilihitaji kuta za kuirudisha, na wenye kuta walikuwa wamekataa."

Baada ya hapo opera wakamwita, mjomba?

Hawakumwita. Ikapita miaka mitano, hawakumwita. Ikapita kumi, hawakumwita. Metropolitan Opera ya New York ilimpandisha jukwaani tarehe 7 Januari 1955, ana miaka 57. Hapa mjomba wenu hukasirika kidogo. Sauti nayo huchoka, wanangu.

Alicheza Ulrica, mpiga ramli, katika opera ya mtunzi Verdi. Pazia lilipofunguka watu wakapiga makofi kabla hajaimba hata neno moja. Akatetemeka. Mtu aliyeimbia umati wa watu 75,000 akatetemeka! Alikuwa mwimbaji Mweusi wa kwanza kupewa nafasi kubwa katika jumba hilo. Siku ishirini baadaye akafuata Robert McFerrin, mwanamume Mweusi wa kwanza.

Sasa sikieni hili. Huko Mississippi palikuwa na binti mmoja, Leontyne Price. Alipokuwa bado mdogo, alipelekwa mji wa Jackson kumsikiliza Bi Marian. Binti akatazama. Binti akasikiliza. Tarehe 27 Januari 1961 akasimama Metropolitan Opera yeye mwenyewe, akaimba mhusika mkuu, na makofi yakachukua kama dakika arobaini. Mikono haikuwauma?

Siku hiyo Leontyne alikuwa na miaka 33. Bi Marian aliingia na 57. Haya, nani ananipigia hesabu?

Tofauti ni miaka 24, mjomba. Na nani alimrudishia Bi Marian hiyo miaka 24?

Hakuna, mwanangu. Umeuliza vizuri.