Je, Wajua? Anayekagua Kodi za Wakubwa Naye Hukaguliwa

Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Wahenga walilisema mapema jambo ambalo sheria za leo zinaliita mgongano wa masilahi: mtu kukabidhiwa uamuzi ambao unaweza kumnufaisha au kumuumiza yeye mwenyewe. Mgongano huo huonekana waziwazi mbunge au waziri anapoiuliza kampuni kubwa: mbona kodi yenu ni ndogo hivi? Swali hilo ni la haki, nasi wananchi tunalihitaji. Yafuatayo ni mambo machache kuhusu walioliuliza, na kuhusu mifuko yao.

Je, wajua kwamba kahawa inaweza kupitia Uswisi bila kufika Uswisi?

Tarehe 12 Novemba 2012, Kamati ya Hesabu za Serikali ya Bunge la Uingereza iliwaita wakubwa wa Starbucks, Amazon na Google. Mwezi mmoja kabla, shirika la habari la Reuters lilikuwa limefichua kwamba tangu 1998 Starbucks imeuza bidhaa za pauni bilioni 3 nchini humo, na kwa miaka yote hiyo imelipa pauni milioni 8.6 tu za kodi ya mapato ya kampuni.

Iliwezekanaje? Tawi la Uingereza lilikuwa likiilipa kampuni dada ya Amsterdam mrabaha wa asilimia 6 ya mauzo, kwa ajili ya kutumia jina na ujuzi. Kahawa mbichi nayo ilinunuliwa na kampuni dada nyingine iliyoko Lausanne, Uswisi, ambayo iliongeza asilimia 20 juu ya bei kabla ya kuiuza ndani ya kundi lilelile. Mkulima wa Moshi au Nyeri anajua gunia lake linapita wapi: ghalani, mnadani, bandarini, melini. Lausanne hakuna bandari ya kahawa. Kilichopita huko ni karatasi za mauzo, na faida ikabaki huko pamoja na karatasi hizo.

Mwenyekiti wa kamati, Margaret Hodge wa chama cha Labour, aliwaambia wageni wake kuwa hawatuhumiwi kuvunja sheria, wanatuhumiwa kukosa maadili. Desemba hiyohiyo Starbucks iliahidi kulipa pauni milioni 20 katika miaka miwili.

Je, wajua kwamba muulizaji naye aliulizwa mwezi uleule?

Hodge alikuwa na hisa katika Stemcor, kampuni ya biashara ya chuma iliyoanzishwa na baba yake, Hans Oppenheimer, mwaka 1951. Novemba 2012 gazeti la Telegraph liliandika kuwa Stemcor ililipa kodi ya pauni 163,000 kwa biashara ya zaidi ya pauni bilioni 2.1 iliyofanyika Uingereza. Hiyo ni takriban asilimia 0.01 ya mauzo.

Hapa tuwe waadilifu. Kodi ya kampuni hutozwa kwenye faida, haitozwi kwenye mauzo, na biashara ya chuma ina faida nyembamba. Hodge alieleza kuwa yeye ni mwanahisa mdogo asiye na sauti katika uendeshaji. Lakini tazama yaliyotokea: watu waliokuwa wakijadili kampuni za kimataifa wakaanza kumjadili yeye. Swali lake kwa Starbucks halikupungua ukweli hata chembe, ila sasa aliyeulizwa alikuwa amepata ngao. Ndiyo hasara kubwa ya mgongano wa masilahi. Hata asiyeiba kitu anaweza kulidhoofisha swali jema.

Je, wajua kwamba daftari la masilahi ya wabunge lilizaliwa na kashfa?

Mwaka 1972 Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, Reginald Maudling, alijiuzulu baada ya polisi kuanza kumchunguza John Poulson, msanifu majengo aliyewahi kushirikiana naye kibiashara. Mwaka 1974 Bunge likaamua wabunge wote waandikishe masilahi yao ya kifedha. Mbunge Enoch Powell alikataa kata kata kujaza fomu, na Bunge halikumfanya kitu. Sheria isiyo na adhabu hubaki ombi.

Je, wajua kuhusu waziri aliyewinda wakwepa kodi huku akiwa na akaunti ya siri?

Jérôme Cahuzac, daktari wa upasuaji aliyeingia siasa, alikuwa Waziri wa Bajeti wa Ufaransa, na vita dhidi ya ukwepaji kodi vilikuwa mikononi mwake. Desemba 2012 chombo cha habari cha Mediapart kiliripoti kuwa ana akaunti iliyofichwa Uswisi. Alisimama bungeni akakana: hana, na hajawahi kuwa na akaunti nje ya nchi. Machi 2013 alijiuzulu. Tarehe 2 Aprili akakiri kuwa anazo takriban euro 600,000 nje. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ilimhukumu kifungo cha miaka minne, miwili kati yake ikiahirishwa. Kabla ya 2013 kwisha, Ufaransa ilikuwa imepitisha sheria za kuunda mamlaka maalumu ya kuchunguza mali na masilahi ya viongozi.

Je, wajua kwamba kampuni nzima iliwahi kuuzwa kwa dola moja?

Tarehe 31 Desemba 2009, mbunge wa Iceland Sigmundur Davíð Gunnlaugsson alimuuzia mkewe nusu yake ya Wintris, kampuni iliyosajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza, kwa dola moja ya Marekani. Kesho yake sheria mpya ya kutangaza masilahi ilikuwa ianze kazi. Wintris ilikuwa inazidai benki zilizoanguka za Iceland, na baadaye mbunge huyo akawa Waziri Mkuu wa serikali iliyoshughulikia madai ya wadai wa benki hizo. Nyaraka za Panama, zilizovuja na kufichua umiliki huo, zilipotoka Aprili 2016, maelfu walijaa mbele ya bunge mjini Reykjavík, naye akaachia uwaziri mkuu siku chache tu baadaye.

Je, wajua kwamba bosi anaweza kuongoza uchunguzi wa enzi yake mwenyewe?

Jean-Claude Juncker alikuwa Waziri Mkuu wa Luxembourg kuanzia 1995 hadi 2013. Tarehe 1 Novemba 2014 alianza kazi ya urais wa Tume ya Ulaya. Siku nne baadaye nyaraka zilizovuja zilionyesha jinsi nchi yake ilivyozipa mamia ya kampuni makubaliano ya kodi nafuu kupindukia. Na chombo kilichokuwa kinachunguza makubaliano ya aina hiyo kilikuwa Tume anayoiongoza yeye. Bunge la Ulaya lilipiga kura kuhusu hoja ya kumng'oa yeye na Tume yake. 101 walitaka aondoke, 461 wakakataa.

Kazi ya uchunguzi ilibaki kwa kamishna wa ushindani, Margrethe Vestager. Mwaka 2017 Tume iliiamuru Luxembourg idai takriban euro milioni 250 kutoka Amazon, ingawa mahakama za Ulaya zilikuja kuutengua uamuzi huo. Kumwachia mwingine rungu ni njia mojawapo ya kutibu mgongano, lakini ni lazima mwenye rungu awe huru kweli.

Je, wajua kwamba Tanzania iliwahi kuukata mzizi kabisa?

Azimio la Arusha la 1967 halikuishia kuwaomba viongozi watangaze hisa. Liliwakataza kuwa nazo. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa na Halmashauri Kuu ya CCM huko Zanzibar mwaka 1991. Tangu Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, kiongozi hujaza tamko la rasilimali na madeni. Kenya nayo, kwa Katiba ya 2010, inamkataza ofisa wa serikali kuwa na akaunti ya benki nje ya nchi, isipokuwa kwa namna inayoruhusiwa na sheria ya Bunge.

Kwa hiyo njia ni mbili: kukataza au kufichua. Tukishaichagua ya kufichua, tusikubali kufichuliwa nusu. Fomu iliyofungiwa kabatini haimsaidii mwananchi anayetaka kujua ni nani anayemuulizia kodi yake.

Je, wajua kwamba tajiri mmoja alikaguliwa kwa kukagua, naye akashinda?

Sheria ya 1789 iliyounda Hazina ya Marekani ilimkataza Waziri wa Fedha kujihusisha na biashara. Hata hivyo mwaka 1921 wadhifa huo ulikwenda kwa Andrew Mellon, mmoja wa matajiri wakubwa nchini, ambaye familia yake ilikuwa na nguvu katika mafuta ya Gulf na aluminiamu ya Alcoa. Mamlaka ya mapato ilikuwa chini yake.

Mwaka 1924 Seneti iliunda kamati ya kuichunguza mamlaka hiyo, na injini yake ilikuwa Seneta James Couzens wa Michigan. Huyu naye hakuwa fukara. Mwaka 1903 alitia dola 2,500 katika kampuni ya Ford, na mwaka 1919 akauza hisa zake kwa karibu dola milioni 30. Mellon alikwisha kumrushia neno hadharani: wewe fedha zako umeziweka kwenye hati fungani zisizotozwa kodi. Couzens hakurudi nyuma. Kamati yake ilionyesha jinsi kampuni kubwa, zikiwemo za akina Mellon, zilivyopata nafuu nono za kodi.

Machi 1925 kamishna wa mapato alimfuata Couzens palepale Seneti na kumpa habari: unadaiwa zaidi ya dola milioni 10 kwa hisa ulizouza 1919. Mtu mwenye la kuficha angenyamaza. Couzens alikwenda mbele ya Bodi ya Rufaa za Kodi, na thamani ya kila hisa ikapekuliwa shahidi kwa shahidi. Mwaka 1928 bodi ikaamua kwamba hadaiwi hata senti. Zaidi ya hapo, alikuwa amelipa kupita kiasi, na serikali ndiyo iliyopaswa kumrudishia zaidi ya dola 900,000.

Mwaka uliofuata alitoa dola milioni 10 kuanzisha mfuko wa afya ya watoto wa Michigan. Na kamati ya pamoja ya kodi iliyozaliwa na uchunguzi wake mwaka 1926 inafanya kazi katika Bunge la Marekani hadi leo.