Vyombo Navyo Husema

Leo nataka kuwaeleza habari ya vyombo vya nyumbani, kwamba navyo vina maneno yake.

Mama yangu alipokuja kukaa nami hapa Nyarutarama, Kigali, alileta vitu viwili: agaseke, yaani kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, na icyansi, chombo cha mti cha kutilia maziwa. Mimi niliona haya mbele ya wageni. Nikavificha stoo, nikapanga mezani bilauri na sahani za dukani. Mama hakusema neno.

Baadaye niliona kitabuni picha aliyoichora Mholanzi Pieter Claesz mwaka 1628. Haina mtu hai hata mmoja. Ina fuvu la kichwa, bilauri iliyoanguka, kalamu ya unyoya, na taa ambayo utambi wake unakufa. Wachoraji wa Uholanzi wa karne ile walipenda kusema kwa vitu. Fuvu na taa husema kwamba maisha ni mafupi. Limau lililomenywa, zuri kwa macho na kali kwa ulimi, huonya kwamba uzuri hudanganya. Bakuli la Kichina, lililoletwa kwa merikebu kutoka mbali, huonyesha utajiri. Hata katika pwani yetu, makaburi ya kale ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yalipambwa kwa bakuli za Kichina.

Basi nikajiuliza: ikiwa bilauri ya Mholanzi husema, je, kikapu cha mama ni bubu? Nikamwendea, nikamwuliza.

Akaniambia, "Agaseke hupewa bibi arusi. Kifuniko chake humfundisha kutunza siri za nyumba. Icyansi ni ng'ombe, na akupaye ng'ombe amekufanya ndugu. Ndiyo maana vyombo vya maziwa viliwekwa mahali pa heshima, pa uruhimbi."

Nami nikakumbuka kwamba kikapu hicho kimo hata katika nembo ya Taifa la Rwanda, iliyoanza kutumika mwaka 2001, nami huiona kila siku.

"Mbona hukunikanya, mama?"

"Mwanangu, ulikuwa na wageni. Nami nimekwisha kukwambia kazi ya kifuniko."

Siku ile ile vikarudi mezani.

Ewe mwanafunzi, likizo ikifika, tazama vyombo vya kwenu, ukaulize maana yake maadamu mwenye kujua yupo. Utambi haungoji.